Mgeni, Mlango na Mama: Tathmini ya Mchezo wa Uhusika wa Alien katika Mwanga wa Masimulizi ya Ukingo wa Ziwa

Ikisiri

Makala hii inatathmini mchezo wa uhusika wa mezani uitwao Alien, uliotolewa mwaka 2019 na shirika la uchapishaji la Fria Ligan la Uswidi kwa msingi wa filamu ya Ridley Scott ya mwaka 1979. Kigezo kinachotumika ni kile cha utendaji, kama kilivyokuzwa katika uchunguzi wa fasihi simulizi ya Kiafrika, na matini linganishi zimechukuliwa hasa kutoka ukingo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Inadaiwa kwamba mchezo huu umefaulu kuigeuza taharuki ya filamu kuwa tendo la wachezaji wenyewe, lakini unayumba unapofika kwenye suala la kimaadili ambalo filamu ililiweka kitovuni: ni nani aliyeufungua mlango, na kwa amri ya nani?

1.0 Utangulizi

Mhakiki anayeuliza kama mchezo wa mezani unastahili nafasi katika jarida la fasihi hana budi kukumbuka kwamba Afrika Mashariki imekwisha kuizoea filamu ya kigeni iliyotiwa mdomoni mwa fanani wa kienyeji. Nchini Tanzania, Lufufu alizifasiri na kuzisimulia upya filamu za Kihindi na za Kimarekani kwa Kiswahili. Nchini Uganda, VJ Jingo alifanya vivyo hivyo kwa Kiganda. Na nchini Kenya, sauti ya DJ Afro ilienea katika vibanda vya video, Kisumu ikiwamo, hata ikawa baadhi ya watazamaji huijua filamu kwa maneno ya msimulizi kuliko kwa maneno ya waigizaji. Katika hali hizo zote filamu huacha kuwa kitu kilichokamilika. Huwa malighafi ya utendaji mwingine.

Mchezo wa uhusika unakwenda hatua moja mbele. Msimulizi wa kibandani hubadilisha lugha, mzaha na mkazo, lakini hawezi kumwokoa mhusika aliyekwisha kufa kwenye kioo. Mchezoni, uwezekano huo upo. Watu wanne au watano huketi pamoja. Mmoja wao ni mwendeshaji, naye hueleza mahali, hali na matokeo. Kila mmoja wa waliobaki humiliki mhusika mmoja na hutamka anachosema na anachotenda mhusika huyo. Panapokuwa na shaka kama tendo litafaulu, dadu hutupwa. Hakuna jukwaa, hakuna maleba, na hadhira ni wachezaji wenyewe. Utanzu huu ulipata umbo lake la kuchapishwa nchini Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, na tangu wakati huo filamu nyingi za kubuni za kisayansi zimegeuzwa kuwa michezo ya aina hii, Star Wars ikiwa mfano mashuhuri mwaka 1987.

Tangu Ruth Finnegan alipochapisha utafiti wake wa mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, na baada yake Isidore Okpewho, imekubalika kwamba kazi simulizi haikamiliki nje ya utendaji wake. Kigezo hicho kikitumiwa hapa, kitabu cha kanuni si kazi yenyewe, kama vile orodha ya visa vya bibi isivyokuwa ngano. Swali la tathmini basi si kama kitabu cha Alien kimeandikwa vizuri. Swali ni hili: kinazaa utendaji wa namna gani, na utendaji huo unamfanya mshiriki aione dunia vipi?

2.0 Kutoka kwenye filamu hadi mezani

Filamu ya Alien inahusu wafanyakazi saba wa Nostromo, chombo cha angani kinachokokota shehena ya madini kurudi duniani. Wanaamshwa safarini na kuamriwa wachunguze ishara kutoka sayari isiyojulikana. Mmoja wao, Kane, anarejea akiwa na kiumbe kilichomng'ang'ania usoni. Ripley, kwa kufuata kanuni ya karantini, anakataa kuwafungulia mlango. Ash, ofisa wa sayansi, anafungua. Baadaye yanafichuka mambo mawili: kwamba Ash ni mtu-bandia aliyepandikizwa na Kampuni, na kwamba Kampuni iliagiza kiumbe kiletwe hata kama gharama yake ni uhai wa wafanyakazi wote. Inafaa kukumbukwa pia kwamba mwili uliokipa kiumbe umbo lake mbele ya kamera ulikuwa wa Bolaji Badejo, kijana wa Nigeria mwenye kimo cha zaidi ya meta mbili aliyekuwa akisoma London. Mwafrika alikuwamo ndani ya filamu hii tangu mwanzo, ila uso wake ulifichwa.

Mchezo wa mwaka 2019, ambao mbunifu wake mkuu ni Tomas Härenstam na ambao ulimwengu wake uliandikwa na Andrew E. C. Gaska, unaweka matukio yake katika mwaka 2183, miaka michache baada ya filamu ya pili. Mwaka 2020 ulipata tuzo ya dhahabu ya ENnie ya mchezo bora. Haukuwa jaribio la kwanza. Mwaka 1991 shirika la Marekani la Leading Edge Games lilitoa mchezo uliotokana na Aliens, filamu ya James Cameron ya mwaka 1986. Mchezo ule wa awali ulijaa majedwali ya silaha na ya majeraha: risasi imeingia wapi, imevunja nini, majeruhi atadumu kwa muda gani. Ulipima risasi kwa uangalifu mkubwa, hofu haukuipima. Tofauti ya michezo hii miwili ni tofauti ya kiuhakiki kabla haijawa tofauti ya kanuni, kwa kuwa kila mmoja umejibu kwa njia yake swali la nini hasa kinaifanya filamu ile iwe ilivyo.

Kitabu cha 2019 kinatoa njia mbili za kucheza. Ya kwanza inaiga muundo wa filamu: kisa kimoja, wahusika waliotayarishwa, sehemu tatu, na uwezekano mkubwa kwamba wengi watakufa. Kisa cha Chariot of the Gods, kilichoandikwa na Gaska, ni mfano wake: wafanyakazi wa chombo cha mizigo Montero wanakutana na Cronus, chombo kilichopotea miaka mingi. Njia ya pili ni ya mfululizo mrefu, ambapo wahusika walewale huendelea kutoka kisa hadi kisa wakiwa wachukuzi wa angani, wanajeshi wa koloni au walowezi wa mpakani. Makala hii itaonyesha kwamba njia hizi mbili hazina thamani sawa kifasihi.

3.0 Taharuki inayohesabika

Katika istilahi za uhakiki wa Kiswahili, taharuki ni ile hali ya kumweka msomaji roho juu ajue litakalofuata. Katika lugha ya kila siku, kutaharuki ni kushtuka, kuhamaki, kupoteza utulivu. Istilahi moja inabeba hali ya msomaji na hali ya mhusika. Kwa kawaida mhakiki huzitenganisha: Lambert anapigwa na bumbuazi ndani ya Nostromo, mtazamaji amekaa kitini salama. Ufanisi mkubwa wa mchezo wa Alien ni kwamba unaziunganisha tena.

Namna unavyofanya hivyo ni rahisi kueleza. Mchezaji hutupa dadu kadiri ya uwezo na ustadi wa mhusika wake, na sita moja inatosha kufaulu. Akishindwa, anaruhusiwa kujisukuma na kutupa tena, lakini kwa malipo: anaongezewa alama moja ya mkazo. Kila alama ya mkazo huongeza dadu moja ya rangi nyingine katika kila jaribio linalofuata. Dadu hizo za mkazo nazo zinaweza kuleta sita, kwa hiyo mkazo unamsaidia mhusika. Lakini mojawapo ikionyesha moja, mhusika hana budi kupimwa kwa fadhaa: dadu moja inatupwa, inajumlishwa na alama zake za mkazo, na jumla ikizidi sita kunatokea kitu, kuanzia kutetemeka hadi kutoroka, kupiga yowe au kuzimika kabisa.

Hesabu yake inafundisha. Mhusika mwenye dadu tano ana uwezekano wa takriban asilimia 60 wa kupata angalau sita moja. Mwenye dadu hizohizo tano pamoja na tatu za mkazo ana takriban asilimia 77; lakini katika utupaji huohuo ana takriban asilimia 42 za kuangukia kipimo cha fadhaa. Maana yake ni kwamba mtu aliyetishwa anaweza zaidi na papo hapo yuko karibu zaidi na kuvunjika. Hii si kanuni ya kubahatisha. Ni usomaji wa filamu. Parker anapojitosa kumwokoa Lambert, bumbuazi la Lambert ndilo linalomzuia asitumie moto, na wote wawili wanaangamia. Filamu inaonyesha tukio hilo mara moja. Mchezo unaonyesha utaratibu unaolizaa. Tena katika jedwali la fadhaa, anayepiga yowe huwalazimisha wote wanaomsikia wapimwe nao. Hofu inaambukiza, na inaambukiza kwa njia ya sauti, jambo ambalo mtafiti yeyote wa utendaji simulizi atalitambua.

Matokeo yake mezani ni kwamba mchezaji anazitazama dadu za mkazo zikiongezeka mbele yake na kuanza kusitasita kutenda hata lililo rahisi. Hakuna aliyemwambia aogope. Taharuki ya mhusika imekuwa ya msomaji, na msomaji huyo ndiye mtendaji. Kwa kipimo hiki mchezo wa 2019 unaupita kwa mbali ule wa 1991, na unastahili sifa uliyoipata.

4.0 Mama wawili

Katika mchezo huu mwendeshaji huitwa Mama. Jina hilo limetoka kwa kompyuta ya Nostromo, ambayo wafanyakazi huiita hivyo na ambayo ndiyo iliyotunza amri ya siri ya Kampuni. Mama wa filamu huwalaza watoto wake, huwaamsha, huwajibu wakiuliza, na huwaficha jambo moja lililo la kuwaua.

Kwa msomaji wa Kisumu, Siaya au Homa Bay, jina hilo linaamsha taswira nyingine. Miongoni mwa Wajaluo, mahali pa kusimulia sigana palikuwa siwindhe, nyumba ya bibi kizee ambamo watoto walilala na kufunzwa. Bibi huyo aliitwa pim. David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo, katika kitabu chao cha mwaka 1989 kuhusu Siaya, wameonyesha kwamba pim mara nyingi hakuwa wa ukoo wa watoto aliowalea. Alitoka kwingine, na kwa kuwa alitoka kwingine, masimulizi yake yaliwafungulia watoto dunia iliyo nje ya boma lao. Yeye naye alikuwa na siri. Lakini siri zake zilikuwa za kufunuliwa kwa kadiri ya umri wa msikilizaji. Siri ya Mama wa Nostromo ni ya kutofunuliwa kamwe.

Ulinganisho huu unasaidia kubainisha jambo la kiumbo. Katika sigana, kisa kinajulikana na namna ya kukitamba ndiyo inayobadilika. Watoto wa siwindhe waliweza kuisikia ngano ileile mara kumi na bado wakaitikia. Katika mchezo wa uhusika, hali ya mwanzo ndiyo inayojulikana, na kisa ndicho kinachobadilika. Kwa hiyo ustadi wa Mama wa mezani si ule wa kulikumbuka simulizi. Ni ustadi wa kusikiliza: ajue wakati wa kuchelewesha kiumbe, wakati wa kuzima taa, wakati wa kumwachia mchezaji ukimya. Pim naye alikuwa na ustadi huo, maana aliyasoma macho ya watoto kwenye mwanga wa moto kabla ya kuamua kama zimwi litabisha hodi usiku ule au kesho.

Kitabu cha Alien hakimfunzi Mama wake vya kutosha katika hili. Kurasa nyingi zimetengwa kwa ajili ya vyombo vya angani, sayari, mashirika na silaha. Maarifa hayo ni ya mkusanyaji, na wapo wasomaji watakaoyafurahia kwa ajili yake yenyewe. Hata hivyo filamu ilitisha kwa kuwa haikueleza. Mtazamaji wa 1979 hakuijua historia ya kiumbe, wala hakuijua bodi ya Kampuni. Kadiri kitabu kinavyozidi kueleza, ndivyo kinavyozidi kumpa Mama mzigo wa kumbukumbu pale alipohitaji uhuru wa sauti.

5.0 Mgeni na mlango

Kiini cha maadili cha filamu ni mlango wa karantini, na hapa ndipo masimulizi ya ukingo wa ziwa yanapotoa ulinganisho wenye faida zaidi. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima. Simulizi la asili yake linaeleza kwamba bibi kizee mgeni alifika kijijini wakati wa karamu, akaomba hifadhi, akafukuzwa. Mtu mmoja tu ndiye aliyemtendea wema. Usiku ule maji yalikigharikisha kijiji kizima, akasalia yule aliyemfungulia. Hekima yake inaafikiana na methali ya Kiswahili isemayo kwamba mgeni aje, mwenyeji apone.

Alien inaonekana kuipindua hekima hiyo. Anayekataa kufungua ndiye mwenye haki; anayefungua analeta maangamizi. Mhakiki mwenye haraka angeweza kuhitimisha kwamba filamu, na mchezo baada yake, vinafundisha chuki dhidi ya mgeni. Hitimisho hilo halitoshi. Ripley hamkatai mgeni. Anamkatalia mwenzake wa karibu, kwa uchungu, kwa ajili ya uhai wa wengine. Naye Ash hafungui kwa ukarimu. Anafungua kwa sababu ametumwa. Kosa la Nostromo si mlango kufunguliwa. Kosa ni kwamba aliyeufungua aliijua siri ambayo wengine hawakuambiwa.

Simulizi la Lwanda Magere, shujaa wa nyanda za Kano, linalijua tatizo hili vizuri zaidi. Mwili wa Lwanda ulikuwa jiwe, wala mkuki haukumwingia. Adui zake wakampa binti yao awe mkewe, naye akakaa nyumbani mwake kama mke hata akaijua siri kwamba nguvu za mume wake zilikuwa katika kivuli chake. Binti yule na Ash ni wahusika wa jamii moja: msaliti anayeishi ndani, anayekula mezani pamoja na wengine, na ambaye utumwa wake kwa mwingine umefichwa nyuma ya wajibu wa kawaida.

Mchezo unalishughulikia jambo hili kwa kanuni ya ajenda za siri. Katika kila sehemu ya kisa, kila mchezaji hupewa kwa maandishi lengo la mhusika wake ambalo wengine hawalijui. Mmoja anatafuta malipo yake, mwingine anamlinda mwenzake, mwingine anaitumikia Kampuni. Mama anamtuza alama ya hadithi mchezaji anayejihatarisha kwa ajili ya ajenda yake, na alama hiyo inanunua ufanisi wakati wa dhiki. Ni kanuni yenye akili. Inahakikisha kwamba meza nzima inaishi na shaka ileile iliyokuwamo Nostromo, na kwamba zimwi la nje halilifuniki zimwi la ndani.

Lakini kanuni hiyo ina pengo. Inatuza utii kwa ajenda, haitoi tuzo kwa anayeikana. Mchezaji aliyepewa nafasi ya mtumishi wa Kampuni, akiguswa na dhamiri katikati ya kisa, anaweza kuamua kuwaokoa wenzake. Hakuna kanuni inayomzuia. Ila hapati kitu kwa uamuzi huo mpaka Mama atakapombadilishia ajenda katika sehemu inayofuata. Usaliti una bei inayojulikana, toba haina.

Ulinganisho na hadithi ya Grace Ogot, The Rain Came, iliyomo katika mkusanyiko wake wa mwaka 1968, unaliweka wazi pengo hili. Chifu Labong'o anaambiwa kwamba ili mvua inyeshe, bintiye Oganda sharti atolewe kwa dubwana la ziwa. Jamii nzima inaikubali hesabu: mmoja kwa wengi. Watu wanaimba na kumsifu, na sifa zenyewe ndizo zinazomsukuma kwenda kufa. Osinda, mpenzi wake, anamfuata na kumtorosha. Mvua inanyesha hata hivyo. Ogot anaikana hesabu ya kafara kutoka ndani: dubwana halikupata chakula, na mbingu hazikujali. Katika mchezo wa Alien hesabu ya Kampuni inaweza kupigwa vita, kukimbiwa au kutiiwa. Osinda hana ajenda iliyoandikwa kwa ajili yake.

6.0 Kampuni, mbuta na koloni

Imekuwa desturi kuichukulia Kampuni ya Alien kama dhana ya wakati ujao. Kwa msomaji wa Kisumu ni ya wakati uliopita. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, ilikuwa na bendera, askari na mamlaka ya kutoza kodi kabla serikali ya Uingereza haijatwaa nafasi yake mwaka 1895. Reli ilipofika ziwani mwishoni mwa mwaka 1901, kituo kiliitwa Port Florence, na watu wa ukingo huo wakajikuta mwaka 1902 wamehamishwa kwa karatasi kutoka himaya ya Uganda hadi himaya ya Afrika Mashariki bila kuvuka hata kijito. Hakuna haja ya kubuni sayari ili kuelewa maana ya kutawaliwa kutoka mbali na watu wanaohesabu shehena.

Mfano ulio karibu zaidi na kiumbe chenyewe ni samaki. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, mbuta, samaki mkubwa mla samaki, alipandikizwa katika Ziwa Viktoria. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea kote, na wanasayansi wamekadiria kwamba spishi zipatazo 200 za samaki wadogo, wale waitwao fulu kwa Kijaluo, huenda zilitoweka. Viwanda vya minofu vikajengwa mijini ukingoni, minofu ikaenda ng'ambo, na mifupa ikabaki kukaangwa kando ya barabara. Katika miaka ya 1990 likafuata gugumaji, likaifunika Ghuba ya Winam hata mitumbwi ikashindwa kutoka ufukoni.

Ulinganisho huu haupaswi kufanywa kwa wepesi. Mbuta si dubwana. Amesomesha watoto, amejenga nyumba, amewapa wavuvi na wachuuzi riziki kwa zaidi ya miaka 40. Hapo ndipo mfano wa ziwa unapokuwa mgumu kuliko filamu, na ndipo unapoweza kuukosoa mchezo. Katika Alien, kiumbe ni hasara tupu kwa kila aliye chomboni. Faida yake iko mbali, maabarani mwa Kampuni. Ziwani, hasara na faida zimo katika wavu mmoja, mikononi mwa mtu mmoja. Mchezo unaotaka kuwa zaidi ya kisa cha kutisha ungehitaji kumweka mchezaji mahali hapo: apendezwe na kile kinachomla.

Njia ya kisa kimoja inakaribia kufanya hivyo kwa sababu wahusika wake ni vibarua. Parker na Brett katika filamu walianza kwa kunung'unikia mgawo wao wa malipo, na mchezo umeihifadhi sauti hiyo katika ajenda za wafanyakazi wake. Njia ya mfululizo mrefu inaipoteza. Mhusika anayetakiwa kuishi kwa visa kumi hawezi kuwa mtu ambaye amri ya siri imekwisha kumwandikia kifo. Ama anakuwa askari, na kiumbe kinageuka kuwa windo. Ama anakuwa mlowezi, na sayari inageuka kuwa shamba lisilo na mwenyewe. Neno koloni linatumika kote kitabuni kama jina la kazi au la mahali, bila kujiuliza. Msomaji ambaye nchi yake iliacha kuwa koloni mwaka 1963 hatalisoma neno hilo kwa utulivu uleule, na hapaswi kulazimishwa.

7.0 Hitimisho

Mchezo wa Alien wa mwaka 2019 ni kazi ya usomaji makini wa filamu, na katika suala la taharuki unaonyesha jambo ambalo nadharia ya fasihi imekuwa ikilieleza kwa maneno tu. Njia yake ya kisa kimoja inastahili kuchunguzwa katika madarasa ya fasihi simulizi na ya tamthilia, kwa kuwa inamweka mwanafunzi katika nafasi ya fanani na ya hadhira kwa wakati mmoja. Njia yake ya mfululizo ni dhaifu, kwa sababu inauacha mlango na kumfuata mnyama.

Lipo pingamizi lenye uzito: kwamba siwindhe imefifia, na kuleta mchezo wa Kiingereza wenye bei kubwa mahali pake ni kupandikiza mbuta mwingine. Pingamizi hilo lisipuuzwe. Jibu lake halimo katika kuufunga mlango. Linategemea ni nani atakayeandika visa vitakavyochezwa. Dadu za sita hazina hatimiliki, na kanuni ya kujisukuma inaweza kuelezwa kwa Kiswahili au kwa Kijaluo kwa dakika chache. Wanajeshi wa angani hawahitajiki. Meli ya mizigo inayovuka usiku kutoka Kisumu kwenda Mwanza ina vyumba, injini, ngazi za chini na amri zitokazo mbali.

Upo pia msingi wa kifilamu wa hapa nyumbani. Katika Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, jamii ya Maitu imejifungia ndani baada ya vita vya maji. Baraza linashikilia kwamba nje hakuna uhai, watu wanakunywa maji yaliyosafishwa kutoka jasho na mkojo wao wenyewe, na Asha, mhifadhi wa makumbusho, anapokea udongo kutoka kwa mtu asiyemjua. Yeye anaufungua mlango kwenda nje, amebeba mche. Mbunifu atakayeigeuza Pumzi kuwa mchezo hataweza kuazima kanuni za Alien jinsi zilivyo. Badala ya mkazo atahitaji kuhesabu maji. Badala ya kutuza utii kwa ajenda, atahitaji kumtuza anayeikana amri ya baraza. Na mwishoni atalazimika kumruhusu mhusika afe bila ya kuhesabika kuwa ameshindwa. Kanuni ya namna hiyo bado haijaandikwa, na idara za Kiswahili za ukanda wa ziwa zina watu wa kuiandika.